Fundi Aliyetaka Pampu Mbili

Watu wa Rongai waliofanya kazi na Fundi watakuambia kwanza kwamba alikuwa na mdomo mchafu, na hawatakuwa wamemsingizia. Alitutukana sisi wanawake wa bendera, akawatukana vijana wa kupakia dawa, na siku moja nilimsikia akimtukana mzungu aliyekuja na suti kutoka Nairobi, kwa Kiswahili cha taratibu, huku mzungu akiitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa habari njema. Hakuwa mtu wa kupendwa. Nalisema hili mapema kwa sababu mtu akishaonewa tunapenda kumgeuza malaika, na yeye angechukia sana kugeuzwa malaika, hasa na mimi.

Kiwanja chetu kilikuwa cha nyasi, nje kidogo ya Rongai, kwenye shamba ambalo zamani lilikuwa la mlowezi. Kampuni iliweka pale ndege mbili ndogo za kunyunyizia ngano dawa, moja nyekundu na moja ya manjano. Ndege zilikuwa na kiti kimoja tu, cha rubani, na mbele yake pipa kubwa la dawa. Fundi ndiye aliyezitunza. Cheti hakuwa nacho. Mwenye cheti alikuwa injinia wa Nairobi, aliyekuja mara moja baada ya miezi kadhaa, akanywa chai, akazunguka ndege mara mbili, akatia sahihi kwenye kitabu na kuondoka. Jina la Fundi halikuwa mahali popote katika kitabu hicho. Baada ya uhuru aliahidiwa kupelekwa kusomea cheti, na nafasi ilipopatikana akaenda mpwa wa mtu fulani, ambaye alirudi na tai na hakushika spana tena.

Kazi yangu ilikuwa kushika bendera. Kipande cha kitambaa cheupe kwenye mti mrefu, unasimama mwisho wa shamba, ndege inakuja moja kwa moja juu yako ikimwaga dawa, inapita, unahesabu hatua zako, unasimama tena. Mwenzangu alisimama upande wa pili, nusu maili hivi, akifanya vilevile. Hivyo rubani alijua mstari wake. Tulikuwa wanawake wanne tukipokezana. Jioni tulirudi nyumbani macho yakiwasha na nguo zikinuka, na watoto walikataa kupakatwa mpaka tuoge. Kampuni haikutuambia kitu kuhusu dawa ile. Fundi ndiye aliyetuambia.

"Nyinyi ng'ombe?" alituuliza siku ya kwanza aliyotuona tumesimama upepo ukitupiga usoni. "Simama upande upepo unatoka. Na ndege ikikaribia, kimbia. Usingoje ikumwagie halafu ndio uende. Nani aliwaambia mngoje?"

"Ni Meneja," nikasema.

"Meneja aje asimame yeye."

Tukacheka, lakini tangu siku hiyo tulikimbia.

Asubuhi alifika kabla ya kila mtu. Alipitisha kiganja chini ya tumbo la injini, akanusa vidole. Halafu alifungua kibomba kidogo chini ya kila tangi na kukinga petroli kwenye chupa ya jemu, akaiinua juani, akaitazama muda mrefu akitafuta matone ya maji. Vijana walisema anaisomea dua. Hakuwa mtu wa dua. Jumapili wenzake wakiwa kanisani alikuwa kiwanjani amelala chali chini ya ile ndege ya manjano, ambayo hakuiamini, akizungumza nayo maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Yeye mwenyewe hakupanda ndege hata siku moja. Rubani wetu, ambaye wote tulimwita Kapteni, alimbembeleza mara nyingi. Kapteni alikuwa kijana wetu, mtoto wa Rongai hapohapo, Mwafrika wa kwanza kuruka kutoka kiwanja kile, na wasichana walikuwa wanatembea kutoka mjini kuja kumwona akivaa kofia yake. Mkubwa wa shamba alimwamkia yeye kwanza. Fundi hakumsifu. Lakini kila Kapteni aliporuka, Fundi aliacha alilokuwa analifanya, akasimama mlangoni mwa banda mikono ikiwa nyuma, hakukaa chini mpaka magurudumu yaguse nyasi tena. Mchana kutwa kama ilibidi. Chakula alikula amesimama.

"Twende tu mpaka Nakuru, Fundi," Kapteni alimwambia. "Tunazunguka ziwa, unaona wale flamingo, tunarudi. Nitakuweka juu ya pipa."

"Mimi najua kilicho ndani ya hiyo kitu," Fundi alijibu. "Wewe hujui. Ndio maana unaweza kupanda."

Alichokijua zaidi ya vyote ni pampu za mafuta. Sijui kwa nini zilimshika hivyo. Wengine walisema kuna mtu aliyemwona akifa zamani, wengine walisema ni wazimu tu. Mimi alinieleza siku ya mvua, tukiwa bandani, kwa kutumia bakuli la uji na mrija wa bua. Ndege hizi, alisema, tangi zake ziko ndani ya mabawa, na mabawa yako chini kuliko injini. Petroli haipandi yenyewe. Lazima ivutwe. Kwa hiyo kuna pampu kubwa, inayozungushwa na injini yenyewe, na ndani yake mna ngozi ya mpira, nyembamba, inapumua juu na chini, juu na chini. Ngozi ile ikipasuka, injini inakufa na njaa huku tangi limejaa. Kwa sababu hiyo wakaweka pampu ya pili, ndogo, ya umeme, na swichi yake mbele ya rubani. Akiwa chini chini juu ya ngano, ile ya pili lazima iwe inanguruma, maana pale hakuna nafasi ya kufikiria.

"Mtu akiwa juu sana, injini ikizima, ana dakika," alisema. "Anatafuta barabara, anatafuta malisho. Kapteni anaruka juu ya kichwa chako wewe. Ana nini? Hana hata muda wa kuita mama yake."

Na mbili zenyewe hazikumtosha kama zilivyoletwa. Aligombana na injinia wa Nairobi kwa sababu katika ndege ya manjano pampu zote mbili zilikuwa zinavuta kupitia chujio moja. Chujio likiziba, alisema, pampu zako mbili ni moja. Mbili ambazo zinaweza kufa siku moja kwa ugonjwa mmoja si mbili. Injinia alimwambia kiwanda ndicho kilichotengeneza hivyo. Fundi akamwuliza kama wenye kiwanda wataruka siku hiyo. Mwishoni alitengeneza njia ya pili mwenyewe, kwa bomba la shaba alilolipinda kwa mkono, bila ruhusa, na injinia alipokuja tena akaiona, akatia sahihi.

Mtu huyohuyo alikuwa na baiskeli isiyo na breki hata moja. Aliteremka nayo mteremko wa kwenda mjini akiburuza kiatu ardhini, viatu vyenyewe pea moja, vimefungwa na waya. Nilimwuliza siku moja kwa nini anajali pampu ya mtu mwingine na hajali shingo yake.

"Baiskeli ikikataa naweka mguu chini," alisema. "Kapteni ataweka mguu wapi?"

Alikuwa na roho mbaya pia, nisije nikasahau. Alimpiga kofi kijana wa kupakia dawa kwa kuweka ndoo juu ya bawa, kofi ambalo lilimtoa kijana damu puani, na hakuomba msamaha. Spana zake hakumwazima mtu. Mke wake alimwacha mapema, akabaki na binti mmoja aliyekuwa anasoma Rongai, na nilisikia alimfundisha hesabu kwa ukali uleule wa kiwanjani. Lakini binti aliongoza darasa. Hilo Fundi hakulisema kwa mdomo. Alibeba tu karatasi ya matokeo ndani ya kofia yake, na akivua kofia kujifuta jasho, karatasi ilianguka, akaiokota polepole ili uone.

Jambo moja alilotufundisha sisi wanawake wa bendera halikuwa kazi yetu kabisa. Alitukusanya akasema sisi ndio masikio ya ndege. Rubani amevaa kofia nzito na amekaa ndani ya kelele, hasikii vizuri. Sisi tuko chini yake, tunasikia. Halafu akaanza kuiga injini kwa mdomo, mtu mzima, mate yakimtoka. Tulikaribia kufa kwa kicheko.

"Cheka," alisema, "halafu usikilize. Injini ikikosa moto, swichi au waya, inakata namna hii." Akanyamaza ghafla. "Kama umezima redio. Lakini ikikosa mafuta haikati. Inakohoa. Inarudi. Inakohoa tena. Ukisikia hivyo hata mara moja, usiniambie kesho. Tupa bendera, uje."

Mwaka mmoja, upande wa Njoro, niliisikia. Kikohozi kimoja, kifupi, ndege nyekundu ikipita juu yangu. Nilitupa bendera nikakimbia mpaka kwenye lori. Meneja alikasirika, maana siku nzima ilipotea, lakini Fundi alifungua chujio na kutoa vipande vya mpira mweusi, vidogo kama punje za mtama, akaviweka kwenye kiganja changu. Ngozi ya pampu ilikuwa imeanza kuchanika. Hakuniambia asante. Alisema, "Dada, wewe una masikio." Kwa mtu yule, hiyo ilikuwa medali. Nilitembea nayo mwezi mzima.

Sasa nieleze ile wiki ya viwavi.

Mvua zilikuwa zimenyesha vizuri kisha viwavijeshi wakaingia, weusi, kwa mamilioni, wakila ngano kutoka shamba hadi shamba. Wenye mashamba walikuja kiwanjani kugombania ndege. Siku hizo Meneja wetu alikuwa mtu mwema kwa sura, mnene, mwenye kupenda kuuliza habari za watoto. Ndege nyekundu ilikuwa Nairobi kwa matengenezo. Ilibaki ya manjano. Jumamosi Fundi aliibadilisha swichi ya moto, ile ya kuwashia injini, iliyokuwa imelegea, kazi ya saa moja, akaimaliza. Jumatatu asubuhi aliwasha pampu ya umeme, akaweka sikio, haikunguruma. Alibadilisha fyuzi, akagonga, akaifungua. Imeungua.

Nilikuwepo alipomwambia Meneja. Tulikuwa tunangoja lori.

"Ile kubwa inafanya kazi?" Meneja aliuliza.

"Inafanya, lakini mshale wa presha unatetemeka. Siipendi."

"Inafanya ama haifanyi?"

"Inafanya."

"Basi shida iko wapi? Hiyo nyingine ni ya akiba. Akiba ni akiba, Fundi. Hata lori hili lina gurudumu la akiba na halijatumika mwaka mzima."

"Lori likipasuka gurudumu linasimama, Meneja. Hii haisimami."

Meneja alicheka, akampiga begani. Alisema amepiga simu, kuna pampu kama ile kwenye kiwanja kidogo karibu na Gilgil, imetolewa kwenye ndege iliyovunjika. Fundi achukue pikapu aende akaichukue mwenyewe, aikague, arudi nayo. Ndege haitaruka mpaka arudi. Fundi akaenda kufunga kitambaa chekundu kwenye panga la ndege, lile linalozunguka mbele, alama yake ya kwamba mtu asiiguse. Alipopita karibu nami akasema, "Nitarudi saa kumi. Afadhali viwavi washibe leo."

Saa tano hivi mwenye shamba mmoja alikuja akipiga kelele. Meneja akaongea naye pembeni, akaenda akafungua kile kitambaa chekundu kwa mkono wake, akakitia mfukoni. Kapteni alitoka akivaa kofia.

"Fundi amemaliza?" aliuliza.

"Amemaliza," Meneja akasema. "Ameenda Gilgil kwa mambo mengine."

Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwao, bendera begani. Kapteni alinitazama, akanikonyeza kama alivyokuwa akifanya kila siku, akasema, "Mama Njeri, leo usinikimbie." Ningeweza kusema maneno manne tu. Pampu ya pili haiko. Nilimtazama Meneja, Meneja akanitazama, na dereva wa lori akapiga honi. Nikapanda lori.

Alipita mistari sita. Katika wa saba alikuja juu yangu, chini kabisa, na nilikuwa nimeshaanza kukimbia niliposikia. Ilikohoa. Ikarudi kwa nguvu, nikasema asante Mungu. Ikakohoa mara ya pili, ikarudi kidogo. Ya tatu haikurudi. Nyuma yangu kulikuwa na safu ya mikalitusi kando ya mto. Alijaribu kuivuka. Bawa lilishika mti, ndege ikageuka, ikalala upande wa pili, na moto ukawaka mara moja kwa sababu tangi zilikuwa zimejaa. Tulikimbilia pale, tukashindwa kusogea hata karibu. Mwenzangu wa upande wa pili alifika baada yangu, hana pumzi, akiniuliza nini, nini, maana yeye kule alikokuwa hakusikia wala kuona kitu ila moshi.

Fundi alifika saa kumi kama alivyosema. Pampu alikuwa ameizungushia sweta lake, ameishika mikononi. Watu walimpisha. Hakutazama mabaki. Alinitafuta mimi kwa macho, akaja moja kwa moja.

"Ilikohoa?"

"Ilikohoa," nikamwambia. "Mara tatu."

Akatikisa kichwa. Alikaa chini kwenye ngano, pampu mapajani, na hakumtukana mtu yeyote. Hapo ndipo niliogopa.

Kwenye mazishi ya Kapteni alifika amevaa koti la kuazima. Kaka wawili wa Kapteni walimzuia langoni. Mtu alikuwa ameshapeleka maneno kwamba fundi ndiye aliyeiharibu ndege. Mama yao alitoka, akamtazama, akamtemea mate kwenye koti, akarudi ndani. Fundi alisimama barabarani ng'ambo, mikono nyuma, mpaka nyimbo zilipokwisha. Mimi nilikuwa ndani, nimekaa na wanawake, ninamenya viazi.

Wiki chache baadaye walikuja maofisa wa kuchunguza, wakakaa Nakuru, kwenye chumba chenye meza ndefu. Ndege ilikuwa imeungua yote, pampu na swichi vimeyeyuka pamoja, kwa hiyo walitaka kujua kilichosikika. Meneja alinichukua kwa gari lake. Aliuliza habari za watoto. Njeri anaendeleaje, na yule mdogo, kifua kimepona? Kisha akasema kazi ya bendera si ya mama, jua lile na dawa ile, na kwamba stoo inahitaji mtu mwaminifu, mtu wa kukaa kivulini. Tulipokaribia Nakuru alisema, akitazama barabara, "Siku ile kulikuwa na upepo, sivyo?"

"Kulikuwa na upepo," nikasema. Na kweli ulikuwepo, kidogo. Rift Valley upepo hukosi.

"Na kwa upepo mtu hawezi kusikia vizuri."

 Hakuhitaji nijibu.

Chumbani Meneja alieleza kwamba Fundi alimwambia kwa mdomo ndege iko tayari. Hakuna karatasi, maana Fundi hakuwa na haki ya kuandika kwenye kitabu. Akaeleza pia habari za ile swichi ya moto iliyobadilishwa Jumamosi. Fundi alipoulizwa alisimama akasema yote: pampu iliyoungua, mshale uliotetemeka, kitambaa chekundu, Gilgil. Alisema bila tusi hata moja. Akamalizia, "Ulizeni huyu dada. Yeye alikuwa chini yake. Injini ikikosa moto inakata, ikikosa mafuta inakohoa. Yeye anajua tofauti. Mimi ndiye nilimfundisha."

Ofisa alinigeukia. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani. Aliuliza kama injini ilikohoa au ilikata.

"Kulikuwa na upepo," nikasema.

"Lakini ulisikia nini, mama?"

"Sikusikia vizuri."

"Ilizima ghafla?"

Fundi alikuwa bado amesimama. "Dada," alisema, "sema." Wakamwambia akae. Hakukaa.

"Naona ilizima ghafla," nikasema.

Nimeandika maneno hayo kama nilivyoyatamka. Mengine ya siku ile nimesahau, hata sikumbuki tulirudi vipi Rongai. Ripoti ilisema swichi ya moto haikufungwa sawasawa, na kwamba kazi ilifanywa na mtu asiye na cheti. Kampuni iliambiwa iwe makini zaidi. Fundi alifukuzwa siku ileile, na hakuna kiwanja kilichomchukua tena, si Njoro, si Gilgil, si Nakuru. Mimi niliingia stoo. Nilikaa kivulini miaka mingi. Meneja alitimiza neno lake, hilo siwezi kumnyima.

Watu waliniuliza baadaye, nilipoanza kuwaambia, kwa nini sikurudi nikasema kweli. Nilikuwa na watoto, huwa ninajibu. Ni kweli nilikuwa nao. Lakini hata ndege zilipouzwa na kampuni ikafungwa, hata Meneja alipokufa kwa sukari, nilikaa miaka miwili zaidi bila kwenda popote, na wakati huo hapakuwa na mtu wa kuniogopesha.

Nilimpata Free Area, kitongoji cha Nakuru, karibu na mwisho wa miaka ya sabini. Alikuwa na kibanda cha mabati nyuma ya posho mill ya kusaga unga, akitengeneza pampu za maji na injini za dizeli. Nywele zilikuwa nyeupe kabisa. Msichana mkubwa, mwenye mtoto mgongoni, alikuwa anaosha vyuma kwenye beseni la mafuta ya taa, mikono yake imechubuka. Fundi alinitazama mara moja akarudi kwenye kazi yake. Nilijua amenijua.

"Fundi, shikamoo."

"Marahaba."

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilimwambia kwamba ilikohoa mara tatu, nilisikia zote, na nilidanganya. Nilimwambia kuhusu gari la Meneja na kuhusu stoo. Nilimwambia hata yale ambayo yeye hakuyajua, kwamba nilisikia Kapteni akidanganywa na nikapanda lori. Hapo tu mkono wake ulisimama. Halafu ukaendelea. Nilipomaliza nikaomba anisamehe.

Alikaza boliti moja, akaijaribu kwa kidole.

"Wakati ule ulikuwa na watoto wangapi?"

"Wawili."

"Na sasa?"

"Wanne."

"Wamesoma?"

"Wamesoma, Fundi. Yule mkubwa sasa ni mwalimu. Anafundisha hesabu."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeambiwa kitu alichokuwa anakitafuta. "Huyu wangu aliacha darasa la sita," alisema. Msichana kwenye beseni hakuinua kichwa. "Alikuwa anaongoza."

Nikasema nitaenda kwa mama yake Kapteni, nimweleze, ajue si Fundi aliyeiharibu ndege.

"Alikufa," akasema. "Walikuwa wamehamia huku. Alipita hapo njiani kila Jumamosi akienda soko. Kila Jumamosi. Mwaka jana hakupita."

"Basi nitaenda Nakuru, kwa wale walioandika ripoti."

"Nenda."

"Sijui kama bado wapo."

"Hata mimi sijui."

Nilisimama pale nikingoja aseme jambo lingine, anitukane basi, ningefurahi kutukanwa. Alifuta mikono, akachukua mkono wa chuma wa kuwashia injini, akauingiza mahali pake. Binti yake akasimama, akasogea nyuma na mtoto. Nilimwita tena, Fundi, nikamwambia tafadhali. Alizungusha mara moja, mara mbili, akaweka nguvu zake zote kwenye ya tatu, na ile injini ikawaka, kelele zikajaa kibandani mabati yakatetemeka. Aliinama juu yake akisikiliza. Nikaona midomo yangu bado inasema, na hakuna mtu pale aliyeweza kunisikia. Mteja aliyekuwa mlangoni na gunia lake akanigusa bega, akaniomba nipishe.